Nipo Hadi Februari

Bibi Vasseur alibisha hodi akiwa na chupa ya jamu mkononi, na Azilis alipoiona ile jamu akajua kuna jambo. Wenye nyumba wa Tremelar hawampi mtu kitu cha bure mwezi wa Novemba.

"Hujambo binti. Ewen hayupo?"

"Yuko juu ya paa la watu, bibi. Karibu ndani, nje kuna upepo."

"Sikai," akasema, akaingia, akakaa. Alikalia kiti kile kizuri, kile ambacho Ewen alikiokota jalalani akakipiga msasa. Akazungusha macho kutoka jikoni hadi kitandani, na safari hiyo haikuwa ndefu, maana kijumba chenyewe kilikuwa chumba kimoja mwisho wa bustani yake. "Mmepaka rangi. Imependeza."

"Tulikuomba ruhusa, bibi."

"Najua, najua. Imependeza mno. Hata kwenye picha itatoka vizuri."

"Picha gani?"

Bibi Vasseur akaiweka ile jamu mezani na kuisukuma kidogo kwa kidole. "Ni ya tini. Za mti wangu mwenyewe. Ni kwa ajili ya usumbufu."

"Usumbufu gani, bibi?"

"Mkataba wenu unaisha mwisho wa Februari. Sitauendeleza, binti yangu. Kuanzia Pasaka nitapangisha kwa wiki, kwa watalii. Mwanangu ameshanipangia kila kitu kwenye mtandao. Watu wanadhani pensheni ya marehemu mume wangu ni mlima, lakini ungejua bei ya kupasha joto nyumba ile kubwa! Wiki moja tu ya Agosti inanipa zaidi kuliko mnavyonipa ninyi mwezi mzima. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Azilis aliutazama mlango. Kijumba kile alikifahamu tangu zamani. Kilikuwa banda la nyavu la ukoo wa Kerdoncuff, na mlango wake ulikuwa bado na alama za ndoano. Kiwanda cha kusindika dagaa kilipofungwa, akina Kerdoncuff waliuza nyumba, banda na bustani kwa bei ya mtu aliyeshikwa koo, wakahamia kwenye maghorofa ya Brest. Wanunuzi walikuja kutoka Paris na pensheni zao na mbwa zao. Wakasema mji ni mzuri sana, umetulia. Hakuna aliyewaambia kwa nini umetulia.

"Kesho asubuhi lakini utakuja?" Bibi Vasseur akauliza akiwa tayari ameshika kitasa. "Soksi zangu."

"Nitakuja. Ndiyo kazi yangu."

"Nilijua. Wewe ni mtoto mwelewa."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Alibaki ameitazama ile chupa mpaka akasikia baiskeli ya Ewen ikiegemezwa ukutani.

Azilis Abgrall alikuwa na miaka ishirini na minne na kazi mbili, moja ya mshahara na moja ya kujitolea. Ya mshahara ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akiogesha huyu, akimvisha yule, akimkumbusha mwingine dawa zake. Bibi Vasseur alikuwa wa kwanza kwenye mzunguko wake. Miguu yake ilivimba, na daktari alimwandikia zile soksi za kubana ambazo mtu hawezi kujivalisha peke yake. Lazima mwingine apige magoti, akunje, avute, alainishe mikunjo.

Kazi ya pili ilikuwa zimamoto. Katika mji kama Tremelar, zimamoto si watu wa serikali wanaokaa kituoni wakicheza bao. Ni muuza mikate, ni fundi bomba, ni wewe. Unavaa peja kiunoni, kidude cha kukuita. Ikilia, unaacha unachofanya na kukimbia. Na moto wenyewe ni nadra. Kinacholiita gari ni Bwana fulani aliyeteleza bafuni, Bibi fulani aliyeshikwa na kifua. Wawili hao, Azilis na Ewen, walikuwa wamewainua sakafuni nusu ya wazee wa mji. Na sharti lilikuwa moja, halina mjadala: uishi karibu na kituo kiasi cha kufika kwa mbio. Ukihama, unarudisha peja.

Ewen alisoma jamu kabla ya kumsoma mke wake.

"Tini," akasema. "Tumefukuzwa."

"Mwisho wa Februari."

Akavua buti polepole. Alikuwa fundi paa, na vumbi la mawe lilikuwa limemwingia hadi kwenye nyusi. "Haya. Basi Riwal alikuwa sahihi."

Riwal alikuwa kaka yake Ewen aliyekuwa akiishi mji mkubwa wa Rennes, na kwa miezi alikuwa akipiga simu. Mpangaji wa jirani yake anahama. Vyumba viwili, bafu la maana, treni ya chini ya ardhi hapo mlangoni. Na tajiri wake wa kazi anatafuta fundi paa hata leo jioni.

"Rennes kuna watu wa umri wetu, Azi," Ewen akasema. "Umewahi kufikiria hilo? Kukaa mahali ambapo jirani yako si mteja wako?"

"Nimefikiria."

"Hapa Jumamosi jioni tunakwenda wapi? Tunakwenda kumwinua Bwana Lambert."

Azilis akacheka bila kutaka. Bwana Lambert alikuwa na tabia ya kuanguka Jumamosi, baada ya kipindi cha televisheni na glasi ya tatu.

"Tukiondoka sisi wawili, mchana hakuna gari linaloweza kutoka," akasema. "Wengine wote wanafanya kazi mbali. Mkuu wa kituo atakifunga."

"Akifunge! Hawa wazee wao wamefunga mangapi? Wamefunga shule darasa moja moja, wamefunga baa, walitaka hata king'ora kizimwe kwa sababu kinawaamsha paka. Sisi ndio tuwaonee huruma?"

"Siyo huruma."

"Ni nini basi?"

Alitafuta neno, akalikosa, na kwa kulikosa akakasirika. "Ni kwetu. Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu alipanga dagaa kwenye makopo hapa mpaka vidole vikapinda. Kwa nini kila mara wa kuhama tuwe sisi? Hebu hata mara moja tu, wao ndio wasogee."

Ewen aliinua mikono kama mtu anayesalimu amri, lakini hakusalimu. "Tafuta. Mpaka sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mwanzoni mwa Desemba. Ukipata paa, nakaa. Usipopata, asubuhi yake nampigia Riwal."

Hiyo ilikuwa haki, na Azilis alijua ni haki.

*

Dalali wa mjini alikuwa na dirisha zima la picha za nyumba, zote zinatazama bahari. Binti aliyekaa ndani alikuwa amevaa kitambaa cha hariri shingoni.

"Mnatafuta kwa muda gani? Wiki mbili?"

"Mwaka mzima. Kila mwaka. Maisha."

"Aah." Akatabasamu kwa huruma, kama anayemjibu mtoto aliyeomba apewe mwezi wa angani. "Mwaka mzima sina. Ninayo moja ya Septemba hadi Juni. Juni mnatoka, Septemba mnarudi."

"Na Julai na Agosti tunalala wapi?"

"Wengi huwa wana ndugu wenye shamba."

Azilis alilijua shamba. Maiwenn, mwenzao kituoni, aliishi hivyo mwaka wa tatu sasa: majira ya baridi kwenye nyumba ya kupanga, majira ya joto kwenye karavani nyuma ya zizi la mjomba wake, akioga kwa mpira wa maji.

Akajaribu upande mwingine. Katika mzunguko wake wa asubuhi alianza kuuliza, kwanza kwa kupitia mbali, halafu waziwazi. Kila nyumba ilikuwa na vyumba juu ambavyo hakuna aliyevipanda tangu mwaka juzi. Kila nyumba ilikuwa na sababu. Vyumba ni vya wajukuu, wajukuu wakija. Ngazi ni mbovu. Mara moja tu ndipo aliposikia ndiyo, kutoka kwa mzee mmoja mwenye mke mgonjwa.

"Njoo, njoo mwone," yule mzee akasema, akamwongoza hadi nyuma ya nyumba. Chini ya turubai kulikuwa na karavani iliyoota ukungu wa kijani. "Kodi sitaki hata senti. Wewe utamwangalia tu mke wangu. Usiku na mwisho wa wiki."

"Na hela za kumwangalia?"

"Si nimekwambia kodi sitaki?"

Alimshukuru. Hilo nalo lilimuuma baadaye, kwamba alimshukuru.

*

Mwisho wa Novemba zimamoto wa nchi ile hupita mlango kwa mlango kuuza kalenda. Kalenda haina bei. Mtu anatoa alichonacho, na fedha zinaingia kwenye mfuko wa kituo kwa ajili ya wajane na yatima wao. Picha ya kwanza huwa ni ya kikosi chenyewe kimejipanga mbele ya gari. Picha ya mwaka ule mpiga picha alilazimika kuwasogeza katikati ili gari lisionekane pana sana.

Azilis alipangwa na mkuu wa kituo, Tudual Morvan, fundi bomba mwenye masharubu na magoti yanayolia kama bawaba. Walivaa sare zao nzuri na kuanzia mtaa wa ghuba.

"Karibuni mashujaa wetu!" akapiga kelele Bwana Lambert, akatoa noti ya ishirini. "Bila ninyi tungekuwa wapi?"

"Sakafuni, Bwana Lambert," akajibu Tudual, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Ikawa hivyo mtaa mzima. Noti na sifa, glasi ndogo ya kitu kikali kwa mkuu, biskuti kwa binti. Mungu awalinde. Vijana kama ninyi hawapo tena. Katikati ya mlango mmoja wenye mtu na mwingine kulikuwa na milango mitano isiyo na mtu, mbao za madirisha zimefungwa hadi Julai, na Tudual aliipita akiitaja majina bila hata kugeuza kichwa, majina ya waliokuwemo: Cadiou, Jezequel, Kerdoncuff, wale dada wawili washona nyavu.

Kwa Bibi Vasseur walipewa hamsini. "Na Azilis wangu, naye ni zimamoto!" akamwambia Tudual, kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa. "Nitampata wapi mwingine akihama?"

"Anahama?" Tudual akageuka.

"Bibi amempangisha mtalii," Azilis akasema.

Bibi Vasseur akaichukua kalenda, akasifia picha ya Machi, akafunga mlango.

Wakaendelea na mzunguko mpaka wakafika mbele ya shule. Shule ilikuwa imebaki na darasa moja. Juu yake, ghorofani, taa zilikuwa zinawaka, na kwenye paa king'ora cha mji kilikuwa kimekaa kama jogoo mkubwa wa bati.

"Nani yuko juu?" Azilis akauliza.

"Chama cha karata. Jumanne yao."

"Si ndiko alikokuwa anakaa mwalimu?"

"Mwalimu, mkewe na watoto watatu. Jikoni pakubwa, moto unawaka. Mimi nilikunywa supu pale kila Alhamisi, mama akiwa zamu kiwandani." Akajikuna masharubu. "Mwalimu wa mwisho alipoondoka, nyumba ikabaki ya halmashauri. Vyumba vinne. Wakaja Marafiki wa Ghuba, hicho chama cha wazee, wakaomba mahali pa kuweka meza zao nne za karata. Wakapewa. Mwenyekiti wao si yule unayemvalisha soksi?"

Azilis alisimama akatazama juu. Kivuli kilipita dirishani kikibeba birika.

"Kwa nini hukuniambia, Mkuu?"

"Kwa sababu wewe ungekwenda kwa meya ukiwa umevaa sare, na sare haiombi nyumba. Sheria ni sheria."

Basi akaenda kesho yake akiwa na koti lake la mvua. Meya, Bwana Hamonic, alimpokea akiwa amesimama, dalili ya mtu asiyetaka kikao kirefu. Alimsikiliza mpaka mwisho, hilo alijitahidi.

"Unachosema kina mantiki, Azilis. Kina mantiki kabisa. Lakini wale wana makubaliano na halmashauri."

"Yamewekwa lini? Yanaisha lini?"

"Mwanangu, tuongee kama watu wazima. Machi kuna uchaguzi. Marafiki wa Ghuba wana wanachama mia tatu, na wote wanapiga kura, hata wenye mikongojo. Ninyi vijana mko wangapi? Nusu yenu mmeandikishwa kwa mama zenu huko mbali. Nikiwatoa wale kwa ajili yako, ni nani ataketi kwenye kiti hiki mwezi wa nne?"

"Kwa hiyo unajua kwamba ni haki."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kina mantiki."

Meya akaangalia saa. "Rennes si mbali," akasema kwa upole. "Mtakuwa mnakuja kututembelea."

*

Sherehe ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa zimamoto, ilifanyika ukumbini mwa mji Jumapili mchana. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe. Kulikuwa na chaza, kulikuwa na mvinyo wa tufaha, kulikuwa na chapati nyembamba za ngano nyeusi zilizopikwa na wake wa zimamoto wastaafu. Wazee wa mji walijaa, kwani hakuna shughuli ya bure waliyowahi kuikosa. Bibi Vasseur alikaa meza ya mbele karibu na meya.

Ewen alikuwa amejifunga tai. Asubuhi, akijitazama kwenye kioo, alikuwa amesema, "Kesho nampigia Riwal, Azi. Tulipatana." Azilis alimnyoosha ukosi tu. Maneno yalikuwa yamemwishia kwa meya.

Meya akasimama na glasi.

"Ndugu zangu, mji ni watu. Na watu hawa," akawaelekeza mkono zimamoto waliosimama kwenye mstari, "ndio uti wa mgongo wetu. Mchana na usiku, mvua na jua, ukiwaita, wapo. Jana walikuwepo, leo wapo, kesho watakuwepo! Hawatuachi!"

Makofi. Bwana Lambert akagonga uma kwenye glasi. Azilis alilirudia neno lile kimoyomoyo. Hawatuachi.

Kisha ikaja desturi ya mwito. Kila mwaka mkuu wa kituo husoma majina ya kikosi, na kila mmoja hujibu neno moja, "Nipo," na ukumbi hukaa kimya kama kanisani. Tudual akakohoa, akaanza na herufi ya kwanza.

"Abgrall!"

"Nipo," akasema Azilis. Kisha, kwa sauti ileile, bila kuinua wala kushusha: "Hadi mwisho wa Februari."

Tudual akanyanyua macho. Pale mbele mtu alidondosha kisu. Mkuu wa kituo alimtazama Azilis kwa muda ambao kila mtu aliuona, kisha akarudi kwenye majina kana kwamba hakusikia kitu cha ajabu.

"Bozec!"

Goulven Bozec, muuza mikate, mtu mnene asiyependa ugomvi, alimeza mate. "Nipo. Hadi duka liuzwe. Dari ninayolalia ni ya duka."

"Cadiou!"

"Nipo," akasema Maiwenn. "Hadi Juni. Juni natolewa, kama kila mwaka. Mwaka huu mjomba ameuza zizi, kwa hiyo Septemba sirudi."

Sasa minong'ono ilikuwa imeanza, ikitambaa meza kwa meza. Meya aliinuka nusu. "Tudual, labda tungeendelea baadaye…"

"Mwito haukatwi, Bwana Meya," akasema Tudual. "Floch!"

"Nipo. Hadi mama afe na ndugu zangu wagawane nyumba."

Jina baada ya jina. Kila mmoja na mwisho wake. Hakuna aliyekuwa amepanga na mwenzake; kila mmoja alikuwa nao tayari, ameutunza, ameulalia. Mwishoni likabaki jina moja.

"Tanguy!"

Azilis hakugeuka kumtazama mumewe. Alijua jibu, walipatana.

"Nipo," akasema Ewen.

Ukumbi ukangoja "hadi" yake. Meya akashusha pumzi na kuinua glasi. "Naam! Walau mmoja…"

"Sijamaliza," akasema Ewen. "Nipo Februari, nipo Machi, nipo Juni. Nyumba sina. Lakini juu ya shule naona taa zinawaka kila Jumanne, na siku sita nyingine pana giza. Mimi ni fundi paa. Ngazi ninayo. Siendi popote."

Bwana mmoja kutoka Marafiki wa Ghuba alipiga kelele kwamba huo ni utekaji nyara. Mwingine akauliza kama chaza zingine zinakuja. Ndipo Bwana Lambert, ambaye alikuwa ameshafika glasi ya tatu, aliposimama kwa kushika meza.

"Samahani. Mimi nina swali. Machi nikianguka, nani anakuja?"

"Kuna kituo cha jirani," akasema meya.

"Kituo gani? Kile cha ng'ambo ya mto? Wale watafika baada ya nusu saa!"

"Na zaidi," akasema Tudual. "Msimu wa watalii, saa nzima."

"Saa nzima nitakuwa sakafuni?"

Hapo ukumbi ulibadilika. Tusidanganyane: haikuwa haki iliyowaingia, ilikuwa sakafu. Kila mmoja mle ndani alikuwa anaijua sakafu yake, baridi yake, na jinsi muda unavyokwenda ukiwa umelala unatazama miguu ya meza. Bibi mmoja akaanza kumuuliza mwenzake vyumba vinne vya nini kwa meza nne. Mwingine akamwambia meya waziwazi kwamba kura yake si ya karata. Azilis alisimama kwenye mstari, mikono nyuma, na hakujali kilichowasogeza ni kipi, mradi wamesogea.

"Nilidhani unampigia Riwal," akanong'ona bila kugeuza kichwa.

"Nitampigia," Ewen akanong'ona. "Nimwambie alete mabomba ya bafuni. Lile la mwalimu lazima limeoza."

*

Kesho yake asubuhi alipiga magoti mbele ya Bibi Vasseur kama kawaida. Mguu wa kulia kwanza.

"Umenidhalilisha," Bibi Vasseur akasema juu ya kichwa chake. "Mbele ya mji mzima. Mimi niliyekupa nyumba."

"Ulinipangisha, bibi. Nyoosha vidole."

"Jana jioni wamenipigia simu, wote. Unajua wanasema nini? Lambert, yule mlevi, anasema: kama chama kinataka mahali, si mwenyekiti ana kijumba kitupu mwisho wa bustani? Kimepakwa rangi juzi. Wamecheka! Na wamekubaliana, bila mimi!"

Azilis aliinamisha kichwa zaidi juu ya kisigino, mpaka uso wake ulipopata kutulia.

"Watalii wangu je?" Bibi Vasseur akaendelea. "Mwanangu ameshaweka picha."

"Hilo ni lako na wenzako, bibi."

"Ungeweza kuniambia faragha. Tungeelewana."

Azilis akanyanyua macho. "Ulipokuja na jamu, uliniuliza ningefanyaje ningekuwa wewe. Hukungoja jibu. Lete mguu mwingine."

Bibi Vasseur alisita. Mguu mmoja umebanwa vizuri, mwingine mtupu, mweupe, umevimba. Kisha akauleta. Azilis aliikunja soksi ya pili, akaivuta hadi juu ya goti, akalainisha mikunjo yote, hata ule wa nyuma usioonekana. Kazi yake hakuwahi kuichanganya na hasira yake, na hasira yake hakuiacha mlangoni pia.

*

Halmashauri ilipiga kura Januari. Bwana Hamonic alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, akasema lilikuwa wazo lake tangu zamani. Mkataba ukaandikwa wa miaka mitatu, si zaidi, na kwa vyumba viwili tu. Viwili vilivyobaki Azilis alimwombea Maiwenn palepale, akiwa amesimama, kabla meya hajaketi. Yupo mpaka sasa anayesema kwamba vijana walipewa nyumba na halmashauri. Walipewa? Waulizeni waliokuwa wakitazama chaza zao siku ile.

Walihama mwanzoni mwa Machi, Jumatano. Ngazi za shule zilikuwa nyembamba, na kwa kuwa kila upande ulikataa kuahirisha, wanaohamia walikutana katikati na wanaohama. Ewen na Goulven walipandisha godoro. Marafiki wa Ghuba waliteremsha meza za karata, viti, birika, na bango la mashindano, vyote vikielekea kijumba cha mwisho wa bustani ya Bibi Vasseur. Bwana Lambert alisimamia kila kitu bila kubeba chochote. Uwanjani watoto wa darasa lile moja waliobaki walishangilia kila meza iliyokwama kwenye kona.

Bibi Vasseur alikuwa chini, kando ya rundo la vitu, ameshika boksi la karata kifuani. Azilis akamwendea. Alikuwa na kitu mfukoni mwa koti, na alipokitoa ndipo king'ora juu ya paa kilipoanza. Ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, siku ya kukijaribu. Chini ya paa lenyewe kilikuwa hakisikiki kama sauti, kilikuwa kinatikisa meno. Bibi Vasseur akaziba masikio, boksi likamwanguka, karata zikatawanyika uwanjani. Ghorofani dirisha lilifunguka na Ewen akatoa kichwa, mdomo wazi, akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Ilikuwa wazi tu kwamba anacheka, na kwamba ndipo sasa alipotambua kitanda chao kimewekwa wapi.

Azilis alingoja. Alisubiri mpaka king'ora kikaanza kushuka, kikalegea, kikanyamaza. Kisha akaweka ile chupa ya tini, haijafunguliwa, juu ya meza ya karata, akaisukuma kidogo kwa kidole.

"Ni kwa ajili ya usumbufu, bibi."